Pampu Ni Valvu

Mjomba wangu aliajiriwa kuangalia pampu ya maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi ya upande wa Gongoni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa kazi ya kelele na grisi: injini ya dizeli, mkanda, na bomba pana lililovuta maji ya hori kuyapeleka majarubani. Injini ikifa hakuhangaika. Injini ina fundi wake, angesema, kisha akatafuta kivuli. Kilichomtoa jasho ni valvu iliyokaa mwisho wa bomba, kule chini topeni: kipande cha mpira kinachofunguka maji yakipanda na kujifunga yakitaka kurudi. Gamba moja la kome au mzizi wa mkoko ukikwama pale, injini itanguruma mchana kutwa na jaruba libaki kavu.

“Watu hudhani pampu ni injini,” aliniambia siku moja, tope limemfika mapajani, mkono wake wote umezama majini akipapasa. “Injini ni nguvu tu, mwanangu. Pampu ni valvu.”

Nilikuwa mtoto wa shule, nimetumwa kumpelekea chakula, na maneno yale niliyachukua kama manung'uniko ya mtu aliyechoka. Baadaye sana, nikisomea baiokemia, ndipo niliposhikwa nayo.

Majaruba ya mwisho, yale ambayo maji yamekauka hadi chumvi inakaribia kuganda, hugeuka rangi ya waridi, na kiangazi kikikaza huwa mekundu kabisa. Wekundu ule una uhai. Ni wa viumbe wasioonekana kwa macho, Halobacterium na jamaa zake, wa kundi la akea, ambao si bakteria ingawa jina lao limewabandika huko tangu zamani. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Hawa hustarehe penye gramu 250, mahali ambapo kiumbe wa kawaida angekauka maji yote mwilini. Jamaa zao ndio wanaomtia papa wa chumvi madoa mekundu, na ngozi za ng'ombe zilizohifadhiwa kwa chumvi vilevile.

Hapa kuna jambo linalochanganywa mara nyingi, hata na wanaofundisha. Wekundu wa jaruba si rangi ya pampu ninayotaka kuisimulia. Sehemu yake kubwa hutokana na karotenoidi iitwayo bakterioruberini. Pampu yenyewe ni ya zambarau, imefichwa nyuma ya wekundu huo, na hutengenezwa kwa wingi pale oksijeni inapopungua. Maji yenye chumvi nyingi na joto kali hayashiki oksijeni vizuri. Kwa hiyo kiumbe huyu hukosa pumzi mchana, jua likiwa utosini. Amebanwa upande mmoja, na upande wa pili mwanga unamwagika bure. Alichokifanya ni kuuweka mwanga ule kazini.

Habari hizi zilianzia mbali na Gongoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Walther Stoeckenius, mtaalamu wa hadubini ya elektroni, alikuwa San Francisco akichunguza utando wa Halobacterium. Mwaka 1969 akafikiwa na mkemia kutoka Munich, Dieter Oesterhelt, aliyekuja kwa likizo ya utafiti. Oesterhelt alitia kiyeyushi kwenye vipande vya utando wa zambarau ili ayatenge mafuta, na zambarau ikageuka njano mbele ya macho yake. Mwenzao mmoja, Allen Blaurock, alikuwa amewahi kushughulika na macho ya chura, na alijua kitu kingine kinachobadilika rangi namna hiyo. Wakapima. Ndani ya utando ule mlikuwa na retinali.

Wakati ule retinali ilijulikana kama mali ya macho ya wanyama. Ni ndugu wa karibu wa vitamini A: beta-karotini ya mchicha, ya mawese au ya kiazi kitamu cha rangi ya chungwa ikikatwa katikati, retinali hutoka. Mtoto asiyeipata ya kutosha hushindwa kuona jua likishatua. Sasa kiumbe wa seli moja, asiye na jicho wala cha kuangalia, anaifanyia nini? Makala ya mwaka 1971 iliyotangaza protini hiyo, bakteriorodopsini, ilipokewa na wengi kwa shaka. Jibu la Oesterhelt na Stoeckenius lilitoka miaka miwili baadaye: mwanga ukiipiga, protini hii hutoa protoni ndani ya seli na kuzitupa nje.

Protoni ni kiini cha hidrojeni kilichopokonywa elektroni yake, ndiyo inayoyafanya maji ya ndimu yawe makali. Zikirundikwa upande mmoja wa utando, zitataka kurudi, na anayemiliki mlango wa kurudia anaweza kuzitoza ushuru. Ushuru wenyewe ni ATP, ambayo kila seli hai huitumia kulipia kazi zake.

Niliyaona haya kwa macho kwenye maabara moja Ujerumani. Tulikuza viumbe wale kwenye chupa za maji ya chumvi, taa zikiwaka, hewa ikipunguzwa kwa makusudi, hadi maji yakaiva rangi. Tukawatenga, kisha tukawatia maji matupu. Ganda la Halobacterium hushikamana kwa nguvu ya chumvi. Chumvi ikiondoka, seli hupasuka. Chupa ikajaa ute mzito unaovutika, kwa sababu DNA yote ilikuwa imemwagika, na tukatia kimeng'enya cha kuikatakata hadi ukalegea. Mashine ya kuzungusha ilipomaliza kazi, juu kilibaki kimiminika chekundu na chini pameganda tonge dogo la zambarau. Wekundu ukamwagwa. Tukasuuza na kuzungusha tena na tena, hadi maji ya juu yakawa meupe.

Katika tonge lile mna aina moja tu ya protini. Robo tatu ya uzito wake ni bakteriorodopsini, iliyobaki ni mafuta. Molekuli zimejipanga tatu tatu, safu kwa safu, kwa utaratibu wa fuwele, na zimejipanga hivyo zingali ndani ya kiumbe hai. Utaratibu huo ndio uliowawezesha Richard Henderson na Nigel Unwin, wa Cambridge, kuichora protini hii mwaka 1975 kwa hadubini ya elektroni na kuona nguzo saba zinazopenya utando. Henderson aliendelea kuifuatilia hadi mwaka 1990, alipotoa mfano wake wa kiwango cha atomu, na njia aliyoijenga ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2017. Protini chache zimewalipa watu uvumilivu wao kiasi hicho.

Baadaye likaja jaribio ambalo mpaka leo nawafanyia wanafunzi kila nikipata vifaa. Tulichukua seli nzima, tukaziweka gizani ndani ya maji ya chumvi, hewa ya oksijeni imefukuzwa, elektrodi ya pH imetumbukizwa. Mashine ya kizamani ilichora mstari kwenye karatasi inayotembea. Tukawasha taa. Kalamu ikayumba kidogo, kisha ikaanza kushuka, taratibu na bila kusita: maji ya nje yalikuwa yanageuka asidi. Tukazima. Kalamu ikarudi juu polepole kuliko ilivyoshuka. Tukawasha tena, ikashuka tena. Nilisimama pale nikiwasha na kuzima mpaka mwenzangu akaniomba nimwachie swichi.

Msimamizi wangu akaongeza tone la kemikali yenye tabia ya kubeba protoni na kuvuka nazo utando huku na huko bila kubagua. Tukawasha taa. Kalamu ikachora mstari ulionyooka.

“Tumeiua?” akaniuliza.

Tulipima rangi. Protini ilikuwa hai na inazunguka kama kawaida: inapokea mwanga, inatupa protoni, inajirudi, inatupa nyingine. Zilizotupwa zilikuwa zinarejea kupitia tobo. Injini inanguruma, jaruba kavu. Hapo nikamkumbuka mjomba, na nikaona pia kwamba nilikuwa nimepata nusu tu ya maneno yake. Tone lile lilitoboa bomba. Valvu aliyoizungumzia lazima iwe ndani ya protini yenyewe, na hakuna aliyekuwa amenionyesha ilipo.

Ukiufungua mchoro wa bakteriorodopsini utaona asidi amino 248 zimejikunja nguzo saba, na katikati, imelazwa mshazari, retinali. Imefungwa kwenye lisini ya 216. Penye fundo hilo hukaa protoni moja. Upande wa ndani wa seli, juu ya fundo, yupo aspateti ya 96, naye ameshika protoni yake. Upande wa nje yupo aspateti ya 85, mikono mitupu, ana chaji hasi na yuko tayari kupokea. Hali ikiwa hivyo, protini hunyonya zaidi mwanga wa mawimbi ya nanomita 568, wa kati ya kijani na njano. Rangi zinazobaki ndizo jicho linazoziona zambarau.

Chembe moja ya mwanga inafika. Retinali, iliyokuwa imenyooka, inapindika penye kaboni ya 13. Tendo hili huchukua muda ulio chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na kazi ya mwanga imekwishia hapo. Yanayofuata yote hutendeka bila mwanga, na mzunguko mzima huchukua milisekunde kumi hivi. Kwa kipimo cha dunia hiyo, ni umri mzima.

Fundo lililopindwa humwachia aspateti ya 85 protoni yake. Hapo protini hugeuka njano, njano ya kiyeyushi cha Oesterhelt, ingawa kwa sababu nyingine. Karibu wakati huohuo, mlangoni pa nje, kikundi cha maji na asidi mbili za glutamiki kinaachia protoni iende baharini. Ninyi mnaosoma kwa makini mmeshaona: protoni iliyotoka nje siyo ile iliyoondoka kwenye fundo. Ile ya fundo iko kwa aspateti ya 85, inangoja. Kisha aspateti ya 96 hulipa fundo protoni mpya kutoka upande wa ndani, naye akajaziwa na ndani ya seli. Retinali hujinyoosha. Mwisho kabisa, aspateti ya 85 hukabidhi protoni yake kwa kikundi cha mlangoni, kukilipa kile kilichokwisha kutoa. Kila mmoja amesogeza alichokuwa nacho hatua moja, na jumla yake ni protoni moja kutoka ndani hadi nje.

Tatizo liko katikati. Fundo likiwa tupu, jirani wa karibu mwenye protoni ni aspateti ya 85, aliyepewa sasa hivi. Kwa nini asiirudishe? Akiirudisha, mwanga umepotea bure. Hapo ndipo pa kuitafuta valvu, na watu waliitafuta kwa miongo mingi. Har Gobind Khorana na wenzake, miaka ya 1980, walianza kubadilisha asidi amino moja moja waone kipi kinaharibika. Ukimwondoa aspateti ya 85, protini hugeuka bluu na haisukumi protoni tena. Ukimwondoa wa 96, hubaki njano muda mrefu, fundo limetoa na halina wa kulilipa. Ukitia azidi, kemikali ndogo inayoweza kubeba protoni na kupenya humo, mzunguko huchangamka upya. Mwaka 2016, kwa leza ya eksirei ya SACLA huko Japani, watafiti walipata picha 13 za protini hii kazini, kuanzia nanosekunde hadi milisekunde, na kuzipanga zikawa sinema.

Sinema haionyeshi kizibo. Inaonyesha retinali ikijilegeza na kusukuma nguzo zilizo karibu, molekuli za maji zikihama, fundo na aspateti ya 85 vikitengana. Mlango wa nje ukishaachia protoni yake, aspateti ya 85 huing'ang'ania yake kwa nguvu zaidi. Nguzo ya sita husogea upande wa ndani, maji yakapata kupenya kumfikia aspateti ya 96. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho ningekitoa na kumwonyesha mjomba kiganjani. Valvu ni mfuatano: njia ya nje hufungwa kabla ya ya ndani kufunguka, na kila hatua huharibu daraja ililopitia.

Mwaka 1974 Efraim Racker na Stoeckenius walifanya jaribio ambalo, kwangu, ni zuri kuliko yote katika baiokemia. Walitengeneza vifuko vidogo vya mafuta, wakapachika humo bakteriorodopsini, na pembeni yake wakapachika kimeng'enya cha kutengeneza ATP kilichotolewa kwenye moyo wa ng'ombe. Viumbe wawili wasiojuana kabisa. Walipowasha taa, ATP ikatengenezwa. Tangu mwaka 1961 Peter Mitchell alikuwa akidai kwamba kinachounganisha kupumua na ATP ni protoni zilizorundikwa upande mmoja wa utando, na wengi hawakumwamini. Baada ya vifuko vile ubishi ulipungua sana, na mwaka 1978 akapewa Nobel. Kichekesho ni kwamba ndani ya vifuko vile pampu ilijipachika kinyume, ikawa inasukuma protoni kuingia badala ya kutoka. Haikudhuru, mradi zilirundikana upande mmoja.

Niliporudi nyumbani, shule moja ya bara ya Kilifi ilikuwa imepata msaada wa pampu ya jua. Paneli ziliinuliwa kwa sherehe, hotuba zikatolewa, na mchana tangi lilijaa. Asubuhi lilikuwa chini ya nusu. Kamati ilikwisha kuandika barua ya kuomba paneli zaidi. Mjomba alikuwa amestaafu, nikamchukua twende naye. Hakutazama paneli hata mara moja. Alingoja magharibi iingie, pampu inyamaze, akaegemeza sikio kwenye bomba lililoingilia chini ya tangi.

“Shemeji zangu,” akawaambia wanakamati, ambao hawakuwa na undugu wowote naye, “maji yenu yanarudi kisimani.”

Valvu ya shaba ilinunuliwa Malindi mjini. Ile barua sijui kama ilirudishwa, lakini nadhani ingejibiwa, maana kuomba nguvu zaidi hueleweka upesi na hupigwa picha vizuri. Mwenye kuuliza kinachorudi hana cha kuzindua. Nimekaa kwenye vikao vya vyuo vikuu ambako fedha mpya ilikuwa inasubiriwa kwa hamu huku walimu tuliowasomesha wakiondoka mmoja mmoja, na nimejizoeza kuuliza swali la mjomba kwanza, hata likinifanya nisipendwe.

Siku hizi nafundisha, na pampu hii naianza kwa jaribio la kalamu kabla ya mchoro wowote. Mwaka mmoja, binti aliyekulia mji wa Magadi, kule Kajiado, alininyoshea mkono katikati ya somo. Ziwa lao lina wekundu uleule wa majaruba, lakini maji yake ni ya magadi, pH yake ni kama 10.

“Mwalimu, huko kwetu protoni ikitupwa nje inamezwa palepale. Sasa anayeitupa anafaidi nini?”

Lilikuwa swali zuri kuliko nililoandaa kwa mtihani. Nguvu ya Mitchell ina sehemu mbili: tofauti ya pH, na tofauti ya umeme kati ya ndani na nje. Kwenye ziwa la magadi sehemu ya kwanza inakupinga, kwa kuwa nje ni kukavu kwa protoni kuliko ndani. Sehemu ya pili hubaki: kila chaji chanya inayotoka inaacha ndani kukiwa hasi zaidi. Wapo wakazi wa maji kama hayo waliofuata njia fupi. Natronomonas pharaonis, aliyegunduliwa kwenye maziwa ya magadi ya Misri, hana bakteriorodopsini. Anayo ndugu yake, halorodopsini, yenye retinali ileile na nguzo saba zilezile, lakini inaingiza kloridi ndani. Chaji hasi ikiingia au chanya ikitoka, kwa umeme ni mamoja, na hakuna protoni iliyotupwa ziwani bure.

Binti akaangalia michoro miwili niliyoibandika ubaoni, akaomba nimwonyeshe tofauti. Penye aspateti ya 85, halorodopsini ina threonini. Nikamweleza kwamba mwaka 1995 watafiti waliichukua bakteriorodopsini, wakabadilisha asidi amino hiyo moja tu kuwa threonini, wakaiwashia taa. Retinali ilipindika kama siku zote. Ikaanza kusukuma kloridi, na kwa mwelekeo wa kinyume.